Dada, usihame kata bado

Juzi usiku msomaji wangu mmoja kaniandikia. Ametia nia ya udiwani mara mbili, kura za maoni zote mbili kaanguka, sasa anataka kwenda kujaribu bahati kata ya mjomba wake. Dada yangu, tulia kwanza nikueleze ya kwangu.

Mwaka 2020 nilitia nia kwetu. Wajumbe walikula kwangu, wakaniita diwani mtarajiwa. Mzee mmoja akanishika mkono mbele ya mke wangu, akaapa. Kura zilipohesabiwa nilikuwa nazo nne. Kwa hasira nikahamia kata ya jirani, na 2025 nikatia nia huko. Nikapata mbili. Kila mlango niliulizwa swali moja: wewe ni wa nani? Sikuwa na jibu. Bado inaniuma.

Ndipo nikamsoma Peter Bottomley wa Uingereza, wa chama cha Conservative. Februari 1974 aligombea Woolwich West, kusini mashariki mwa London, akashindwa. Oktoba mwaka uleule akarudi palepale, akashindwa tena. Hakuhama! Mwaka 1975 mbunge wa chama cha Labour aliyekuwa akilishika jimbo akafariki, ukaitishwa uchaguzi mdogo mwezi Juni, miezi michache baada ya Margaret Thatcher kushika uongozi wa chama. Wapiga kura wakalikuta jina la Bottomley kwenye karatasi kwa mara ya tatu. Akashinda, ana miaka 30.

Alikaa bungeni miaka 49. Mipaka ilipobadilishwa 1983, jimbo likawa Eltham, naye akaendelea. Ni kweli 1997 alihamia Worthing West, pwani ya Sussex, na Eltham ikachukuliwa na Labour mwaka huohuo. Lakini alihama akiwa amekaa bungeni miaka 22, anajulikana. Mimi nilihama na hasira tu. Mwishoni mwa 2019 akawa Baba wa Bunge, heshima ya mbunge aliyekaa muda mrefu zaidi bila kukatika. Julai 2024 Worthing West wakamchagua wa Labour, Bottomley akikaribia miaka 80.

Kwa hiyo baki, dada. Nenda msibani hata mwaka usio wa uchaguzi. Kaa vikao vya shule hadi mwisho. Watu wakuzoee. Baki!

Mimi nimerudi kata yetu. Jumamosi kuna kikao cha maji, mwenyekiti ni yule mzee aliyeapa. Nitakwenda, na nitampa mkono.