Shaabani ikiingia, anza na deni

Ndugu uliyesilimu karibuni, hapa Goma wengi huikumbuka Ramadhani zikibaki siku mbili. Wamechelewa. Matayarisho ni ya Shaabani, mwezi wa nane, na ya kwanza ndani yake ni kulipa deni, yaani siku za Ramadhani iliyopita ambazo hukufunga. Bibi Aisha, mke wa Mtume, alikuwa akilipa zake mwezi huu, na ukiacha Ramadhani, hakuna mwezi ambao Mtume (s.a.w.) alifunga sana kuliko huu.

Shika daftari. Andika siku za hedhi, za malaria, za safari ya Bukavu. Ukisita kati ya 6 na 8, andika 8. Kwa Jumatatu na Alhamisi tu, siku 8 zinakula wiki nne, yaani Shaabani karibu yote, kwa hiyo usingoje tarehe 15. Anayesukuma chukudu, baiskeli ya mbao ya mizigo, achague siku asizopanda hadi Kibumba.

Wengi wanaharibu kwenye nia. Mtu anaamka, saa tatu inafika hajatia kitu mdomoni, anasema: "Basi leo nalipa." Hiyo ni funga ya sunna, deni liko palepale. Nia ya deni huwekwa usiku, kabla ya alfajiri. Na aliyezembea bila udhuru mpaka Ramadhani nyingine ikamkuta, kwa Mashafii (wafuasi wa madhehebu ya Imamu Shafii) atalipa siku na pia atatoa kibaba cha chakula kwa kila siku; kwa Mahanafi (wa Imamu Abu Hanifa) siku zinatosha. Fuata sheikh anayekusomesha, usichague kilicho rahisi huku na kule.

Siku hizo za deni zitumie pia kujaribu saa yako ya kufuturu. Goma tuko jirani na ikweta: mwaka mzima jua linazama kati ya saa kumi na mbili kasoro dakika kumi na saa kumi na mbili na dakika ishirini hivi. Adhana ya magharibi ya redio ya Dar es Salaam inatangulia jua letu zaidi ya nusu saa. Ukifuturu nayo, umekula mchana. Ile ya Kinshasa inachelewa karibu saa nzima, nayo ni njaa ya bure. Kwenye telefone weka mji wa Goma. Tena, jua likijificha nyuma ya vilima vya upande wa Sake bado halijazama.

Kuhusu ibada maalumu ya usiku wa nusu Shaabani, wa kuamkia tarehe 15, masheikh wametofautiana. Usigombane na mtu.

Jioni ya tarehe 29 tazama magharibi mara tu jua linapozama, maana mwezi mwandamo hukaa chini na haukawii kupotea. Mawingu yakifunika na habari ya kuaminika isipofika, Shaabani inatimia 30. Siku hiyo ya 30, iitwayo siku ya shaka, haifungwi "kwa tahadhari". Anayeruhusiwa ni mwenye desturi yake, kama Alhamisi, au yule ambaye daftari lake bado lina siku moja.