Mota ya pampu ya boila kuungua mara kwa mara: chunguza haya kabla ya kuisuka tena

Mkuu, umesema boila yenu ni ya tani 3 za mvuke kwa saa, mota ya pampu ya maji imeungua mara mbili ndani ya mwaka, fundi anataka kuisuka tena (kuifunga waya mpya ndani) na bosi anadai ratiba ya matengenezo. Ratiba nitakupa, ila kwanza msimlaumu fundi wa kusuka. Huenda hana kosa.

Mimi yalinikuta hayohayo. Mota ya kilowati 7.5, kibao chake kinasema ampea 15. Ikaungua, tukaisuka. Ikaanza kukata ovalodi, yaani swichi inayozima mota ikivuta umeme kupita kiasi, kila zamu ya usiku, na mwenzetu mmoja (haya, ni mimi) akachukua bisibisi akapandisha ovalodi hadi 20 ili tupumzike. Wiki tatu baadaye chumba kizima kikanuka vanishi iliyoungua.

Aliyegundua ugonjwa ni mzee mmoja mwendesha boila, na hakushika hata spana. Alikaa na saa yake akihesabu: pampu iliwaka mara 22 ndani ya saa moja, na mvuke wenyewe ulikuwa unatumika kidogo tu. Kisha akaelekeza kipimajoto kwenye bomba la blodauni (la kumwaga maji yenye tope kutoka chini ya boila), upande wa baada ya valvu. Lilikuwa la moto, ilhali blodauni ilifanyika asubuhi na sasa ni alasiri. Valvu ilikuwa haifungi sawasawa. Maji yaliyokwisha tiwa dawa na kuchemshwa yalikuwa yanakwenda shimoni mchana na usiku, pampu inafidia, inazima, inafidia tena. Mota ikiwashwa moja kwa moja bila kifaa cha kuilainishia mwanzo huvuta umeme kama mara sita ya ule wa kawaida. Iwashe kila baada ya dakika tatu, itapoa saa ngapi?

Kwa hiyo kama pampu yenu ni ya kuwaka na kuzima, hesabu. Andika daftarini. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza kwenye ratiba yako.

Kila zamu, pulizia kioo cha maji, kile kinachoonyesha kina cha maji ndani ya boila. Fungua koki ya chini, angalia upande wa maji peke yake, kisha upande wa mvuke peke yake, halafu rudisha. Maji yapande haraka. Yakipanda kwa kujivuta, njia imeanza kuziba, na kioo kinachoonyesha maji yasiyokuwepo ni hatari kuliko kutokuwa na kioo kabisa. Halafu jaribu kinga ya maji pungufu: moto ukiwa unawaka, mwaga maji ya chemba ya boya, bana (kichomea mafuta) lazima izime yenyewe. Isipozima, hakuna kuendelea na kazi. Na siku maji yakipotea kabisa kwenye kioo, zima moto, ondoka karibu, acha ipoe. Usiongeze maji. Bomba lililopata joto kupita kiasi likikutana na maji, mvuke unaozaliwa hapo hauna mahali pa kwenda.

Blodauni ya chini iwe fupi na kali, moto ukiwa mdogo, si ya kufungua valvu na kwenda kunywa chai. Pima maji kila siku. Kwa boila kama yenu, mabaki yaliyoyeyuka nisingependa yazidi 3,000 hadi 3,500 ppm (sehemu kwa milioni), lakini kitabu cha mtengenezaji ndicho chenye kauli. Mashine ya kulainisha maji ikiisha chumvi na hakuna aliyeona, ndani ya wiki chache mabomba yana ukoko kama wa sufuria ya wali. Utaujua kwa joto la bomba la moshi: likipanda taratibu ilhali mzigo ni uleule, ama kuna masizi upande wa moto, ama ukoko upande wa maji. Nyuzi 20 za ziada ni kama asilimia 1 ya mafuta yako inayoondoka na moshi.

Sasa mota zenyewe. Pima ampea za fezi zote tatu kila wiki, kwa mzigo uleule. Fezi moja ikijitenga na wenzake, anzia kwenye fyuzi, kontakta na skrubu zilizolegea. Kila mwezi, umeme ukiwa umekatwa na kufungwa kwa kufuli, pima insulesheni (kinga ya nyaya isivujishe umeme) kwa mega, kipimo chake, ya volti 500. Chini ya megaohmu 1, usiiwashe. Lakini mimi naogopa zaidi mota iliyokuwa 200 mwezi jana na leo ni 12. Mara nyingi utakuta pakingi ya pampu (kizibo kinachozunguka shafti) inarusha maji hadi kwenye mota. Hapo ndipo mtu huikaza pakingi mpaka isidondoshe hata tone, shafti inabanwa, ampea zinapanda. Pakingi lazima idondoshe kidogo, ndiyo kupoa kwake.

Grisi: walioua beringi kwa kuzidisha ni wengi. Fungua tundu la kutokea, pampu kidogo, acha mota izunguke itoe ya ziada. Usichanganye aina. Beringi zilizofungwa pande zote ziache.

Feni ya bana ifutwe vumbi, kaplingi (kiungo cha mota na pampu) ipimwe unyoofu upya kila pampu inapofunguliwa. Ukaguzi wa ndani na valvu ya usalama ni vya mkaguzi mwenye leseni, si vyako.

Ovalodi ya ile mota yangu iko 15 mpaka leo. Tulipaka rangi ya kucha juu ya skrubu yake, ili ikiguswa tu ijulikane.