Kubadilishana nyumba na familia ya Berlin, Julai hadi mwisho wa Septemba
Inawezekana kabisa dada, ila piga hesabu ya viza kwanza. Viza ya Schengen (ya kundi la nchi za Ulaya, Ujerumani ikiwemo) ni siku 90 ndani ya 180, na siku ya kuingia na ya kutoka zote zinahesabiwa. Miezi hiyo mitatu ni siku 92, kwa hiyo punguza siku mapema. Bima ya safari isipungue euro 30,000.

Jambo kubwa zaidi: waulize kama nyumba ni yao. Watu wengi Berlin wamepanga, na mpangaji akikuachia nyumba bila idhini ya mwenye nyumba anaweza kuvunjiwa mkataba, nawe ukabaki barabarani na mabegi. Omba idhini hiyo kwa maandishi.

Maduka mengi hufungwa Jumapili, nunua maziwa ya watoto Jumamosi.