Fundi Anajibu: Gari linatetemeka likikaribia sabini

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Corolla NZE121 ya otomatiki. Nikitoka Chalinze kwenda Morogoro, mwendo ukiwa kati ya 60 na 80 na mafuta nimekanyaga kidogo, gari linatetemeka kama limepita kwenye rasta, kisha linatulia. Gia zinaingia vizuri. Fundi wangu anasema gia boksi imekufa, ninunue ya mtumba. Kweli?
Msomaji, Kibaha

JIBU: Marahaba mwanangu. Hela yako iache mfukoni kwanza. Gia boksi iliyokufa huteleza: unakanyaga mafuta, injini inalia, gari haliendi. Lako haliko hivyo.

Mimi naishuku torki konveta, kile chombo kinachounganisha injini na gia boksi. Ndani yake mna klachi. Gari likishapata moto na mwendo ukatulia, klachi hiyo hubana ili injini na gia boksi vizunguke pamoja. Oili ya gia boksi ikichoka, klachi inashika na kuachia, inashika na kuachia. Ndiyo hiyo rasta yako.

Hakikisha. Tafuta barabara iliyonyooka, nyuma kusiwe na gari. Mtetemo ukianza, gusa breki kwa mguu wa kushoto, kidogo tu, taa za nyuma ziwake, na mafuta usiyaachie. Swichi ya breki huifanya klachi iachie. Mtetemo ukikatika papo hapo, tatizo liko kwenye klachi hiyo. Ukiendelea, tena ukazidi mlimani, kagua plagi za injini na koili zinazozipa umeme. Watu wanashushiwa gia boksi nzima kwa sababu ya koili moja, na inaniuma sana.

Sasa chomoa kijiti cha kupimia oili ya gia boksi, dondoshea oili kwenye karatasi nyeupe. Ikiwa ya kahawia na inanuka kuungua, imekwisha. Weka T-IV, aina ya oili ya gia boksi ya Toyota. Muuza duka akikwambia WS, aina nyingine ya Toyota, ni ileile, ondoka. Ukifungua nati ya sampu, yaani bakuli la oili chini ya gia boksi, zitatoka kama lita 3 tu, nyingine hubaki kwenye konveta. Kwa hiyo mwaga, jaza kiasi kilichotoka, endesha wiki moja, kisha rudia mara mbili. Ukikuta vipande vya chuma kwenye sampu, usiendelee na oili. Hapo ni kushusha na kufungua.

Na ikitokea gari linazima kila ukisimama kwenye taa, kama la manyuo ambalo hukukanyaga klachi, maana yake klachi ya konveta imegoma kuachia. Mwambie fundi aanze na selenoidi yake, vali ya umeme inayoibana na kuiachia. Hufikiwa kwa kufungua sampu, gia boksi ikiwa palepale ilipo.