Glavu zinawasha? Pima mgongo kabla ya kulaumu mpira

Nesi au mfanya usafi akiwashwa mikono, huambiwa upesi: una aleji ya mpira, hamia glavu za nitrili, yaani mpira wa kutengenezwa kiwandani. Anahamia, na vidole vinaendelea kupasuka. Mara nyingi mkosaji si utomvu wa mti bali kemikali zinazotiwa kiwandani ili mpira uive haraka: thiuramu, kabamati, difenilguanidini, merkaptobenzothiazoli. Nitrili nyingi nazo zina kabamati.

Aleji ya utomvu huja kwa dakika: ngozi kuvimba, chafya, pengine kifua kubana. Hiyo hupimwa kwa damu au kwa kudunga ngozi. Ya kemikali huchelewa siku moja au mbili, ikatoka kama ukurutu mgongoni mwa kiganja na kukomea pale glavu inapoishia. Hii ndiyo hupimwa kwa vibandiko: vikombe vidogo vya kemikali vinavyobandikwa mgongoni.

Vibandiko huwekwa Jumatatu, sehemu ya juu ya mgongo. Kila kemikali imechanganywa na vaselini kwa kipimo chake: mchanganyiko wa thiuramu asilimia 1, wa kabamati asilimia 3, merkaptobenzothiazoli asilimia 2. Kikombe cha milimita 8 hupewa miligramu 20 hivi; ukizidisha, kemikali inavuja hadi kwa jirani na hujui tena nani kawasha. Peleka pia glavu yako mwenyewe: hukatwa kipande cha sentimita 2 kwa 2, kikaloweshwa kwa maji, upande wa ndani ukigusa ngozi. Gundi ya viatu au unga wa kiwandani usibandikwe hivihivi, utaunguza.

Mgongo usilowe. Kwa joto la pwani, jasho huharibu vipimo, kwa hiyo ongeza plasta na uahirishe kubeba mizigo. Vidonge vya prednisoloni, ambavyo ni steroidi, huficha majibu, na krimu ya steroidi isipakwe mgongoni wiki nzima kabla. Setirizini, kidonge cha kawaida cha aleji, haina neno. Ukurutu ukiwa umewaka mwili mzima, ngoja utulie, la sivyo mgongo utajibu kila kitu.

Jumatano vibandiko hutolewa, husubiriwa nusu saa alama za plasta zipotee, ndipo husomwa. Ijumaa husomwa tena, na hapa ndipo watu hukosea: wakiona mgongo safi Jumatano hawarudi. Aleji ya kweli mara nyingi hukua kati ya siku hizo mbili, ilhali kilichowaka Jumatano kikafifia Ijumaa huwa ni mwasho tu. Mchanganyiko wa kabamati unasifika kwa ulaghai huo.

Kwenye ngozi nyeusi wekundu haujitokezi wazi. Anayesoma vipimo apitishe kidole na amulike kwa ubavu akitafuta uvimbe na vipele. Doa jeusi bila uvimbe halitoshi.

Ngozi yako ikijibu kwa thiuramu, tafuta nitrili isiyo na viharakisho, yaani kemikali hizo za kuivisha mpira. Vinili ni rahisi lakini hupasuka upesi, haifai kwa kazi ya kugusa damu. Mwambie pia daktari yeyote anayetaka kukupa disulfiramu ya kuacha pombe, maana yenyewe ni thiuramu. Merkaptobenzothiazoli hupatikana sana kwenye viatu. Mpira mweusi wa matairi una kemikali nyingine, IPPD, inayopimwa kwa asilimia 0.1, anayevaa makubadhi ya tairi aombe iongezwe. Na chupi yenye lastiki usiifue kwa klorini: huibadilisha kabamati ikawasha zaidi.