Kabla hujaandika jina la eneo kwenye maombi ya leseni ya kuwinda

Kila Juni ikielekea ukingoni, simu yangu huchangamka. "Kaka, mwaka huu niombe wapi? Nataka pofu, yule swala mkubwa, mwenye pembe za maana." Haulizi maji yako wapi, haulizi gari litapita wapi, haulizi atafuatana na nani porini. Ni pembe tu. Simcheki mtu, maana leseni yangu ya kwanza niliiomba hivyo hivyo. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki mtaa wa Area C, Dodoma, nasubiri mbuzi aive, jamaa wa meza ya jirani akanionyesha picha kwenye simu: dume la pofu limelala, pembe zimejisokota kama kamba mpya, naye amechuchumaa nyuma yake anacheka. "Wapi hapa?" "Manyoni, kule Singida." Basi. Wiki iliyofuata nikaandika Manyoni.

Nilikaa porini siku sita. Nilivaa shati la bluu, kwa kuwa hakuna aliyeniambia kwamba mbung'o hupenda bluu na nyeusi, na hata mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Nyasi zilinifika kifuani. Nyayo tuliziona, kinyesi tulikiona, na siku ya nne tukasikia mpaka magoti yakilia mahali fulani mbele yetu, ta, ta, ta, maana dume kubwa la pofu likitembea hutoa mlio huo. Mnyama mwenyewe sikumwona. Nilirudi Dodoma na dumu la asali nililonunua Manyoni mjini, ili mke wangu asiseme nimekuja mikono mitupu.

Baadaye nilikutana tena na yule jamaa wa picha nikamuuliza aliipiga lini. Mwishoni mwa Oktoba. Mimi niliingia wiki ya kwanza ya Julai.

Julai na Oktoba huku kwetu kati ni nchi mbili tofauti. Mvua zetu ni za msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, kisha mbingu inafungwa. Msimu wa kuwinda ukifunguliwa Julai 1, majani bado yapo, vidimbwi vimetapakaa, mnyama hana sababu ya kutulia mahali pamoja. Kufika Septemba vichaka vimepukutisha majani, nyasi zimeungua au zimelala, na maji yamebaki sehemu za kuhesabu. Kwa hiyo siku hizi anayeniuliza aombe wapi, namuuliza kwanza: likizo yako ni mwezi gani? Mtumishi mwenye Julai peke yake nitamwambia aachane na misitu minene, atafute eneo lenye uwanda na kingo za vichaka, amwombe swala pala. Mwenye Oktoba ana uhuru zaidi.

Na mnyama na mahali huchaguliwa pamoja. Swala pala ni mtu wa mtaa. Ana kijiji chake, pale vichaka vinapokutana na uwanda, karibu na maji, na ukimkosa leo asubuhi, kesho yuko palepale au ng'ambo ya korongo. Pofu ni tofauti kabisa. Mzee mmoja wa Kisandawe ninayefuatana naye upande wa Chemba, kaskazini mwa Dodoma, alinimaliza kwa sentensi moja: "Mwanangu, pofu hana kwao." Anatembea usiku kucha akifuata majani mabichi, na eneo lililokuwa na makundi mwaka jana linaweza kuwa tupu mwaka huu. Ukitaka pofu, omba eneo kubwa na siku nyingi. Ukiwa na siku tatu na gari la kuazima, mwache.

Kuna jambo la pembe ambalo wengi hawalifikirii mpaka wamekwisha kufyatua. Kwa swala pala na tandala, mwenye pembe ni dume peke yake, kwa hiyo ukiona pembe angalau jinsia umeijua. Kwa pofu, kongoni, korongo (yule mnyama, si bonde) na palahala, hata jike ana pembe. Tena jike la pofu huweza kuwa na pembe ndefu kuliko dume! Za dume ni nene, fupi kidogo, zimesokotwa kwa nguvu, na utosini ana kishungi cha nywele nyeusi. Sasa fikiria unaangalia hayo yote ndani ya vichaka vya Itigi, magharibi ya Manyoni mjini, vile vinavyosongana hadi unahisi umeingia chumbani mchana na kufunga mlango. Utaona sikio, kipande cha ubavu, ncha ya pembe. Mtu asiye na uzoefu akiniambia ameomba sehemu ya vichaka vile kwa ajili ya pofu wa kutundika sebuleni, namwonea huruma yeye na jike atakayempiga. Aombe mahali peupe.

Nirudi Manyoni kidogo, kwa sababu jina hilo huwadanganya watu. Wanasema "Rungwa kuna wanyama". Sawa, lakini pori la akiba la Rungwa, lililo upande huo huo wa Manyoni, peke yake lina kama kilomita za mraba 9,000, limeshikana na mapori ya akiba ya Kizigo na Muhesi, na kusini linapakana na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Kumwambia mtu Rungwa kuna pofu ni kama kumwambia Tanzania kuna wali. Isitoshe, mle ndani kuna vitalu vya uwindaji wa kitalii, vya kampuni na wageni wao. Wewe mkazi unaangalia eneo lililotajwa kwenye leseni yako na mgao wa wanyama uliowekwa hapo mwaka huo, basi. Kabla ya kuota pembe, nenda ofisi ya wanyamapori ukaone mgao: mnyama yupi, wangapi, eneo lipi. Nimeona mtu mzima amenunua risasi na mahema kwa ajili ya mnyama ambaye hakuwemo kabisa kwenye orodha.

Ukishajua eneo, omba uonyeshwe mipaka yake kwa alama unazoweza kuziona kwa macho, mto, barabara, kilima. Nyayo za mnyama hazisomi ramani, na ukizifuata na bunduki mkononi hadi ndani ya pori la akiba, utetezi wa "nilikuwa namfuata" hausaidii. Hii ni sababu moja ninayopendelea maeneo ambayo mpaka wake hauko mbavuni mwa hifadhi, hata kama wanyama ni wachache. Nalala usingizi.

Maji, sasa. Niliposema uulize maji yako wapi sikumaanisha ukajibanze kisimani. Sheria inakataza kuwinda ndani ya mita 500 za maji ya kudumu au mahali pa kulamba chumvi, kama inavyokataza kuwinda usiku au kupigia ndani ya gari. Unayatafuta maji ili ujue njia. Swala hunywa, kisha hurudi malishoni kwa njia zao zilezile, na hapo katikati, mbali na kisima, ndipo unapomsubiri. Eneo lenye maji sehemu mbili tatu linasomeka. Eneo lenye mto mrefu usiokauka ni zuri kwa wanyama, ila mwindaji mwenye siku chache hajui asimame wapi.

Fedha sitazizungumza sana, kila mtu anajua mfuko wake. Ila piga hesabu ya nyama kabla ya hesabu ya leseni. Dume la pofu huweza kufika kilo 900. Juani, barabara ya vumbi, zaidi ya kilomita 100 hadi nyumbani, una watu wangapi wa kuchuna na kukausha? Na kuiuza mtaani bila kibali huruhusiwi, hata kama jirani amekuja na sufuria. Mimi na shemeji yangu tuliwahi kupakia swala wawili tu Oktoba na kufika Dodoma tukiwa tumefungua madirisha yote. Tangu siku hiyo sehemu ya mbali lazima inishawishi sana.

Pembe nazo, usizichukue kimya kimya kwa kuwa leseni ulikuwa nayo. Pembe ni nyara. Tengeneza hati za umiliki mapema na uzitunze, kwa sababu ukuta wa sebule hauwezi kumweleza askari zimetoka wapi.

Kwa hiyo mimi naomba wapi? Chemba, msimu wa tatu sasa, swala pala, Septemba. Jamaa wa Area C bado ananicheka, anasema huko hakuna pembe za picha. Dume nililopata mwaka jana lilikuwa limeachana na kundi, mzee, shingo nene, pembe moja imevunjika ncha kwa ugomvi. Picha yake haivutii. Lakini nilijua tangu asubuhi angetokea upande gani wa korongo, kwa kuwa mwaka uliotangulia nilimkosa palepale, na mzee wangu alikuwa ameniwekea tawi la mti kama alama. Juzi alinipigia simu. Dimbwi la chini limekauka mapema mwaka huu, anasema, njoo wiki moja kabla.