Mchujo wa ugavana California: si lazima uwe na chama

Dada, umeuliza kama utaruhusiwa kupiga kura ya mchujo wa gavana wa California ilhali ulipojiandikisha hukuchagua chama. Utapiga bila shida. Tangu wananchi walipopitisha kwa kura ya maoni sheria iitwayo Pendekezo la 14 mwaka 2010, wagombea ugavana wa vyama vyote huwekwa kwenye karatasi moja, na kila mpiga kura humchagua amtakaye. Mambo ya chama yamebaki kwenye mchujo wa urais.

Wawili wanaoongoza ndio wanaoingia raundi ya Novemba, hata wakiwa wa chama kimoja. Mwaka 2016 kiti cha useneta waligombea Kamala Harris na Loretta Sanchez, wote Democrat. Na hata anayevuka nusu ya kura kwenye mchujo huwa bado hajashinda. Ndiyo maana nakusihi usiudharau: Gavana Gavin Newsom anamaliza vipindi vyake viwili, kiti kiko wazi, na kura zikigawanyika kwa wagombea wengi mtu anaweza kupenya kwa asilimia ndogo tu. Ikifika Novemba huwezi tena kuandika jina la mwingine.

Mchujo ni Juni 2, 2026, uchaguzi wenyewe Novemba 3. Karatasi itakufikia nyumbani kwa posta. Tia sahihi kwenye bahasha, ileile uliyojiandikishia, maana wanailinganisha. Ikitofautiana watakuandikia uithibitishe. Kama umehama nyumba, badilisha anwani sasa hivi.